Nyumba ya Farasi Iliyopimwa kwa Ng'ombe

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa milima ya Ngungu, wa juu na wa chini, waliobatizwa na wale ambao bado wanafikiri: katikati yenu anaishi Mama Verdiane, mfanyaji wa fromage, yaani jibini, mjane, shujaa wa taifa, ambaye kwa mikono yake mwenyewe na kamba moja humwinua Excellence kila anapoanguka. Nishani yake imechelewa. Taifa liko na kazi nyingi, na barabara ni mbaya.

Excellence ni farasi. Msiogope.

Alikuja na jina hilo kutoka ferme ya juu, lile shamba kubwa la mifugo, siku mwenye ferme alipofunga mizigo na kuhama bila kuaga mtu. Mume wa Verdiane, aliyekuwa mchunga mifugo wa ferme hiyo, akabaki na farasi. Kisha mume naye akaondoka, kwa ile njia ambayo watu hawarudi, wakabaki mke, farasi na sufuria za maziwa.

Kazi ya Excellence ni kushusha fromage mpaka soko la Ngungu. Mvua ikinyesha, njia ile inameza pikipiki mpaka taa, na motard anarudi nyumbani akiisukuma kama mgonjwa asiyetaka kwenda hospitali. Farasi anapita. Siku asipopita, fromage zinabaki juu ya ubao zikitoa jasho, na Verdiane anazila asubuhi, mchana na jioni, akizichukia. Bila farasi, hana soko. Bila soko, ana harufu tu.

Zamani Excellence alilala katika kibanda cha mbao ambazo zilikuwa zimeachana, kila moja ikienda upande wake. Upepo wa Walikale uliingia humo bila kupiga hodi. Hata kuku walikidharau. Lakini farasi hakuwahi kukwama mule ndani, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kisha Falone, binti wa pekee wa Verdiane, akaolewa na Élie, maçon, mwashi wa Shasha, kijana mwenye mikono mizuri na moyo mwepesi kuumia. Élie akataka kumheshimu mama mkwe, na heshima ya maçon ni simenti. Akapandisha mifuko mlimani, mlima mzima ukafanya salongo, kazi ya pamoja, na nyumba ya farasi ikasimama: kuta laini, zinang'aa, mbuzi angeweza kujitazama humo kabla ya kuchinjwa. Na kweli alichinjwa. Katekista akabariki. Waliolalamika kwamba wao wenyewe wanalala katika nyumba za udongo wakaongezewa nyama, wakanyamaza.

Kosa lilikuwa moja tu. Siku ya kupima, Excellence alikuwa sokoni. Élie akauliza farasi ana ukubwa gani, na Papa Ngabo, jirani, akamleta ng'ombe wake.

"Pima huyu," akasema. "Farasi ni ng'ombe mwenye miguu mirefu."

Hakuna aliyebisha. Kwetu Masisi kila kitu hupimwa kwa ng'ombe: shamba, harusi, uzito wa mtu mbele ya watu. Kwa nini si nyumba ya farasi? Élie akampima ng'ombe, pua mpaka mkia.

Sasa, ng'ombe hulala kwa adabu: anakunja miguu, anatulia, anatafuna. Farasi, ukimwondolea mzigo, anataka kujikuna mgongo. Anajitupa chini na kubingirika, miguu minne juu. Mahali papana, anabingirika na kusimama. Katika nyumba ya Élie alikuwa akibingirika nusu, miguu inakutana na ukuta, inakunjika, na kwato zinatafuta pa kusukumia. Ukuta laini unazikatalia. Kruuu. Zinateleza. Hapo Excellence anabaki, kama mende aliyepinduliwa na ufagio. Akikaa hivyo sana, tumbo linajaa hewa, pumzi inakuwa fupi, na farasi anakufa akiwa mzima kabisa.

Mara ya kwanza Papa Ngabo alikuja mbio, akashika mkia, kwa kuwa ng'ombe aliyelala huinuliwa kwa mkia. Alivuta kwa imani kubwa. Excellence akaendelea kulala, ila sasa na hasira. Baada ya kupoteza jino moja kwa teke, Verdiane akaelewa: unasimama upande wa mgongo, unatupia kamba miguu ya upande wa chini, iliyo karibu na ardhi, unarudi mbali, unavuta mpaka abingirike kurudi alikotoka. Kisha unakimbia.

Tangu hapo Verdiane hajakaa chini. Anapasha maziwa, sikio moja liko nje. Kwato zikigonga du, du, farasi amechoka kukaa peke yake tu. Ikisikika kruuu, mwiko unaruka. Bega lake la kuume limeshuka. Kanisani, watu wakipiga magoti, yeye hupiga pia, lakini wakisimama anabaki pale pale, usingizini, na majirani wanasema mama huyu anasali kweli.

Alijaribu kuzuia. Alirundika mabua makavu ya maharagwe kando ya kuta, marefu mpaka kiunoni, ili farasi akibingirika arudishwe katikati. Ilifanya kazi vizuri sana, mpaka Excellence alipokula ukuta.

Dawa yenyewe aliijua. Ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya bâche, turubai la plastiki: mbao za kile kibanda cha zamani. Upigilie ubao ukutani, urefu wa goti, kuzunguka nyumba yote. Kwato itashika hapo, farasi atajisukuma, atasimama mwenyewe. Kibanda kile kibaya kilikuwa kikimsaidia hivyo hivyo kwa nyufa zake, bila baraka ya katekista. Ni kazi ya asubuhi moja.

Lakini utapigaje misumari kwenye zawadi ya mkwe, mbele ya mlima uliokula mbuzi wake? Mama mkwe hamwambii mkwe hata "songa kidogo". Wakikutana njiani, yeye anaingia katika maharagwe na kuvuta kitenge usoni, na mkwe anapita akichunguza mawingu. Kukiwa na neno, linapitia kwa Falone. Na ndoa ya Falone bado mbichi, mimba ndiyo hiyo inaonekana, na jamaa za mume wanatafuta kosa kama wengine wanavyotafuta coltan. Zawadi ikitobolewa, watasema Falone ametoka kwa watu wasio na shukrani. Basi Verdiane akanyamaza, akavuta kamba.

Jumapili moja baada ya misa Élie akapanda mlima na Falone, pamoja na Papa Déo, baba mdogo wa Élie, mtu wa suti, mwenye sauti ya kutangazia vifo. Papa Déo alitaka kuona kazi ya mtoto wao. Excellence alikuwa ametoka malishoni, amenyeshewa, mgongo unamwasha.

"Angalieni ukuta!" Papa Déo akasema akiwa bado mlangoni. "Ni kama sahani ya..."

Kruuu.

Wakachungulia. Miguu minne ilikuwa juu.

"Farasi iko nasali?" akauliza Papa Déo.

Verdiane alikuja mbio, mkono mmoja ukivuta kitenge usoni, mwingine umeshika kamba. Akaitupia miguu ya chini, akavuta. Bega likakataa. Falone hakuweza kuvuta na mimba ile. Papa Déo aliangalia viatu vyake. Akabaki Élie.

"Falone," Verdiane akasema, macho kwenye paa, "ambia bwana yako atoke upande wa miguu. Meno yake iko yote, asiharakishe kuipoteza."

"Élie, mama anasema toka ku miguu."

"Ambia mama nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Kama amesikia, ashike kamba."

"Élie, shika kamba."

"Kamba iko moja!" Élie akalia. "Uliza mama, sisi wawili tutashika namna gani kamba moja?"

"Haiwezekane," Papa Déo akaamua. "Mukwe na mama mukwe ku kamba moja? Tangu wapi?"

"Basi ambia Papa Déo avute yeye," Verdiane akasema.

"Hii viatu ni ya kuazima," akasema Papa Déo.

Excellence akaguna. Tumbo lilikuwa limeanza kupanda. Élie akafumba macho kwa heshima, akashika mwisho wa kamba, na wakavuta, mmoja haoni kwa kitenge, mwingine haoni kwa adabu. Farasi akageuka mara moja. Kamba ikalegea, Verdiane akarudi nyuma, akamwangukia mkwe wake, na wote wawili wakalala katika mavi ya farasi, kitenge kule.

Excellence akasimama, akajikung'uta, akatoka kwenda kula mabua.

Falone alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na si kwa kilio. Élie, kwa kuwa hakuweza kuangalia upande wa mama mkwe, aliangalia ukuta. Hapo akaona mikwaruzo: mirefu, myeusi, mmoja juu ya mwingine, kutoka chini mpaka magotini.

"Falone, uliza mama hii ilianza wakati gani."

"Mama, ilianza wakati gani?"

"Kesho yake ya baraka."

Élie akapapasa mikwaruzo kwa kidole, kama mtu anayegusa kidonda chake. "Simenti nilitia ya kutosha," akasema polepole. "Farasi njo haijue kulala."

Papa Déo akaona wakati wake umefika. Akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu. Mbele ya Mungu na mbele ya hii nyama ya kwato, jambo nzito limefanyika. Familia mbili zitakaa. Kutakuwa mbuzi ya kusafisha. Ukuta tutauombea, na farasi pia. Lakini mbele ya yote, famille inapatia mama mukwe neno. Mama, fungua roho. Usifiche kitu."

Verdiane alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Falone hakukumbuka mara ya mwisho kumwona mama yake ameketi. Kitenge hakukitafuta. Alimtazama mkwe wake usoni, waziwazi, kama mtu anavyomtazama mtu.

"Élie," akasema, "mbao iko nyuma ya nyumba, chini ya bâche. Leta misumari mirefu. Ile mifupi inapinda."