Niliona aibu kusoma faili la mkwe wangu

Admin, nifichie jina, na ukiweza badilisha hata umri wa mkwe wangu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi Kiseke, mume wangu alishafariki. Nina binti mmoja tu, ameolewa Buzuruga na kijana wa miaka ishirini na tisa, fundi wa mashine za boti kule Kirumba. Ni kijana mpole na mchapakazi, na sikuwahi kumsikia mwanangu akimlalamikia.

Kazi yangu ni masjala ya hospitali, sitasema ipi. Daktari akimaliza na mgonjwa anaandika kwenye faili ana tatizo gani, faili linakuja kwangu. Kila ugonjwa una namba yake. Mimi nasoma maandishi ya daktari, natafuta namba, naiingiza kwenye kompyuta. Watu wanadhani ni kazi ya kubonyezabonyeza tu, lakini namba ile ndiyo inayompeleka mgonjwa kwenye orodha ya wa kupewa rufaa au ya wa kusubiri upasuaji mdogo. Kuanzia hapo, wengi hawalifungui tena faili, wanaangalia kompyuta.

Mwaka jana faili la mkwe wangu lilikuja mezani kwangu katikati ya mengine. Sikujua hata kama alikuja hospitali. Utaratibu wetu ni kwamba faili la ndugu unampa mwenzako. Mwenzangu ana mdomo, nikajua kufika jioni ofisi nzima itakuwa na habari za mkwe wangu. Nikaamua kulifanya mwenyewe.

Mstari wa kwanza uliandikwa kwamba ana uvimbe kwenye korodani la kulia. Jamani, mimi ni Msukuma, nimelelewa kizamani. Mkwe wa kiume hatupeani naye mkono, hatukai meza moja, tukikutana njiani ananipisha. Leo nisome habari za sehemu zake za siri? Niliona aibu. Nilifunika karatasi kwa kiganja, nikaingiza namba ya busha, ambayo naijua kichwani kwa sababu wanaume wengi wanaokuja na uvimbe pale wanakutwa na hilo. Nikalirudisha faili kwenye rafu. Nilijiona nimemstahi kijana wa watu.

Chini ya kiganja changu daktari alikuwa ameandika kwamba si busha, anashuku saratani, damu imeshachukuliwa, apewe rufaa haraka. Daktari mwenyewe alikuwa wa kuja siku moja kwa wiki, na alimwambia mkwe wangu asubiri kuitwa.

Alisubiri. Akaja kutumiwa meseji kwamba yuko kwenye foleni ya upasuaji wa busha. Mwanangu alinipigia simu kwa furaha, akaniambia, "Mama, tulikuwa na wasiwasi bure, kumbe ni busha tu." Na mimi nikamshukuru Mungu pamoja naye. Kijana akaendelea kubeba mashine zake.

Miezi mitano baadaye alianza kukohoa na kuumwa mgongo. Siku ya upasuaji ilipofika, daktari alipompima tu akakataa kumpasua, akampeleka hospitali kubwa. Kule wakakuta saratani imepanda tumboni na imefika kwenye mapafu. Wamekata korodani na sasa anatundikiwa dawa, amekonda. Daktari wa kule alimweleza mwanangu kwamba ugonjwa huu ukiwahiwa mapema wengi wanapona kabisa. Kwa alipofika yeye wanajaribu, lakini hawaahidi.

Mama mzazi wa mkwe wangu hamwachi mwanangu apumue. Amemwambia mbele ya watu kwamba mke asiyejua mwili wa mumewe ni mke gani. Shangazi zake wanasema binti yangu ndiye aliyemzuia kwenda hospitali mapema. Mwanangu analia kwangu na mimi nambembeleza, huku najua yote.

Wale madaktari wanataka faili la kwanza, wanataka na majibu ya damu ya siku ile. Bosi wangu ameniagiza nilitafute. Wiki ya pili sasa namwambia halionekani. Faili liko nyumbani, kabatini kwangu, chini ya vitenge. Nilipolichukua ndipo nikalisoma hadi mwisho kwa mara ya kwanza, nimekaa sakafuni, na majibu ya damu, ambayo maabara waliyaingiza baadaye, yamo ndani.

Jumapili nilienda kumwona wodini. Nilisimama mlangoni kama kawaida yetu. Akamwomba mwanangu atoke kidogo, akaniita nisogee. Tangu amwoe binti yangu hajawahi kuniita.

"Shikamoo mama. Samahani, najua hatuongeagi," alisema. "Ila wewe unashindaga na mafaili ya wagonjwa. Hivi mtu kama mimi ningewahi, ningepona?"

Niliangalia chini. Nikamjibu, "Mwanangu, Mungu ndiye anayepanga." Akasema sawa mama, akageukia ukutani.

Wapendwa, msiniambie niombe, kuomba naomba. Msiniambie ni bahati mbaya, sikusoma kwa sababu sikutaka kusoma. Bosi anataka jibu la faili keshokutwa, na nikilitoa kila mtu ataona nani aliingiza namba. Kazi najua itaenda, na mwanangu sijui kama atanitazama tena. Lakini nikinyamaza, madaktari wanaendelea kumtibu bila zile karatasi, na binti yangu anaendelea kubeba lawama isiyo yake. Nianze kwa nani, bosi, mwanangu, au yeye mwenyewe pale kitandani? Na yeye namwambiaje? Maana nikisema ukweli itabidi nimjibu alichoniuliza, na jibu ni kwamba angepona.