Giga Kumi na Sita Mbele ya Wakwe

Shida zangu zilianza mwaka wa sabini na nne nikiwa na miaka kumi, baba alipoaga dunia nikaacha shule nikaanza kubeba magunia ya mahindi hapa Kitale, na kwa sababu nilijiinua mwenyewe, mtu akiniambia kitu haiwezekani huwa simsikii, na hiyo tabia ndiyo iliniaibisha kule Lugulu mbele ya wakwe na kwaya yao nzima.

Kijana wangu Njoroge alikuwa amepata msichana wa huko, Nekesa. Babake, Mzee Wafula, ana mguu mbaya, hawezi kusafiri, na alikuwa amesema wazi hatoi mtoto aende boma ambayo hajaiona kwa macho. Sasa nikaamua (hakuna mtu alinituma, ni akili yangu tu) nichukue video ya nyumba, ng'ombe na mashine ya kusaga, niibebe ndani ya kompyuta ya duka langu, niunganishe na televisheni yao.

Lakini kompyuta ilikuwa ya zamani, video inakwamakwama. Nikaita fundi, msichana anaitwa Chebet. Akafungua, akaangalia.

"Mzee, video zako ziko sawa kwa diski, hiyo ni kama stoo. Shida ni RAM, hapo ndipo kompyuta inamwaga kazi ikiifanya. Uko na giga mbili, na hii bodi, pale ndani RAM inapochomekwa, mwisho wake ni nne."

"Weka kumi na sita."

"Haikubali, mzee."

"Haikubali aje na mimi ndio nanunua?"

"Si mambo ya pesa. Ni vile bodi ilitengenezwa."

Nikaona ananizungusha. Nikaenda duka lingine nikachukua vipande viwili vya giga nane nane, nikawaachia vile vya zamani wanipunguzie bei. Asubuhi ya safari nikavisukuma ndani kwa kidole gumba mpaka vikalia ka! Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, kwa hivyo sikujaribu.

Lugulu tukala, tukaomba, kwaya yao ya kanisa ikaimba, nikasimama nikajigamba, "Wazee, leo mtaona Kitale bila kutoka kwa kiti!" Nikabonyeza. Televisheni nyeusi. Kompyuta ikaanza pii, pii, pii, inanyamaza, inaanza tena. Nikazima, nikawasha, pii, pii, pii, nikaipiga kofi ya mbavuni (kama punda), bado. Nyanyake Nekesa akauliza kwa sauti, "Hiyo kitu inalia nini? Ina njaa?" Kwaya ikaangua kicheko.

Nikampigia Chebet, na kwa vile nilikuwa na hasira nikabonyeza spika bila kujua.

"Uliweka kumi na sita, si ndio?" Nyumba yote ikasikia. "Si nilikwambia bodi haiwezi? Rudisha zile za zamani itawaka."

"Nimeshaziuza."

Mzee Wafula hakuwa amecheka. "Kwa hivyo uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Na huyu wangu akikwambia kitu huko kwako, utamsikia?"

Nikaanza kuchomoa nyaya za televisheni. Na ubaya ni kwamba nina lori! Uzito wake umeandikwa kwa mlango, na nimefukuza madereva kwa kuzidisha. Kuwa na mahindi mengi hakuongezi nguvu ya ekseli. Hiyo nilijua, sema tu sikutaka kuambiwa.

Nikasema, "Nipe Jumamosi ingine."

"Sawa. Lakini kuja na huyo fundi."

Tukarudi na Chebet, giga nne ndani, zilizowekwa na yeye, video ikateleza bila kukwama. Mzee Wafula akaangalia ng'ombe mpaka wa mwisho, halafu akamuuliza Chebet, si mimi, "Hii boma ni ya ukweli?"

"Ni ya ukweli, mzee. Na mwenyewe siku hizi anasikia."

Akatoa mtoto.

Leo nina lori mbili, mashine ya kusaga, ng'ombe sita, duka, mke wa kijana ambaye hunikosoa mchana kweupe nami nanyamaza, na kompyuta ya giga nne. Giga ya tano sitaki hata kuiona.