Cheni Iliyonipeleka Magoma

Nilisafiri kwa hasira. Nasema hili mapema ili ninyi wa Mkata mlioniona asubuhi ile nikisubiri basi, kiroba mkononi, simsalimii mtu, mjue kulikuwa na nini. Ndani ya kiroba kulikuwa na cheni ya pikipiki.

Siku tatu kabla yake nilikuwa natoka shamba, mihogo nyuma, mwanangu Zuhura wa miaka minne mbele yangu kwenye tangi. Kabla hatujafika lami cheni ikaachia, ikajiviringisha kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likagoma. Tukala mchanga. Zuhura akapasuka kidevu. Cheni ilikuwa mpya, haijamaliza wiki, na niliifunga mwenyewe nyumbani, vilevile marehemu baba yangu alivyokuwa akifunga. Kwa hiyo nilijua wa kulaumiwa ni nani: yule mzee muuza vipuri wa Korogwe aliyeniuzia takataka.

Mume wangu hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kujibu. Alisema tu, "Mama Zuhura, Jumapili kuna mtu anakuja kuiangalia hiyo pikipiki. Tuiuze kabla haijatuulia mtoto."

Pikipiki hiyo ndiyo inayotoa mihogo yangu shambani mpaka barabarani. Ikiondoka, narudi kubeba kichwani. Nilikuwa na mpaka Jumapili kuonyesha kwamba mbovu ni cheni, si pikipiki, na wala si mimi.

Saa moja asubuhi tukaondoka Mkata. Zuhura, na plasta yake kidevuni, alimweleza kila aliyetutazama, "Cheni imeniuma." Tulipopita Segera alikuwa amelala. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule mzee, na yote hayakuwa mazuri.

Saa nne tulikuwa Masuguru, pale Korogwe, dukani kwake.

"Shikamoo mzee. Cheni yako imetaka kuniulia mtoto."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza."

"Sikai."

Mzee akaitoa cheni kwenye kiroba, akaipitisha vidoleni pingili moja moja kama anavuta tasbihi. Zote nzima. Kilichopotea kilikuwa kile kiungo cha kuunganishia ncha mbili, chenye kibanio kidogo cha umbo la samaki.

"Nani aliifunga?"

"Mimi."

"Wewe?" Akamgeukia jirani yake mshona viatu. "Umesikia? Haya, mwanangu, kichwa cha huyo samaki ulikielekeza wapi?"

"Kulia kwangu. Baba yangu alifunga hivyo miaka yote."

"Ulikaa upande wa cheni?"

"Nikae wapi tena, juu ya paa?"

Mshona viatu akacheka. Mzee hakucheka. "Basi ulikielekeza nyuma. Kichwa kinakwenda mbele, mkia ulio wazi unafuata. Mkia ukitangulia, kibanio kikigusa jani tu kinachomoka. Baba yako hakufunga hivyo."

"Baba yangu humjui, mzee. Mwache."

Alininyooshea kiungo kingine, nikakataa. Zuhura akapokea, akakifumbata. Nikairudisha cheni kwenye kiroba, nikamburuta tukaondoka. Nilijua kitu kimoja ambacho yule mzee hakukijua: pikipiki ya baba bado iko Magoma, kwenye stoo ya mama, na cheni iliyomo aliifunga baba mwenyewe, ya mwisho kabla hajafariki. Ningeipiga picha nimletee.

Mchana tulikuwa njia ya Magoma. Milima huku, milima kule, na mistari ya mkonge inazunguka unapopita kama spoki za gurudumu. Sijui ni mkonge au ni vumbi, hasira ilianza kulegea nikamkumbuka baba vizuri.

Alikuwa akitoka kazini kwenye mkonge, anaisimamisha pikipiki nyuma ya jiko, gurudumu la nyuma likiwa juu. Mimi nachuchumaa upande wa pili wa gurudumu, namtazama kupitia spoki. Cheni mpya aliifunga kwenye mkia wa ile kuukuu, akaivuta polepole, mimi nazungusha gurudumu. Kuukuu inatoka, mpya inaingia nyuma yake, na kule mbele hajafungua hata skrubu. Ncha mbili alizikutanisha juu ya meno ya spoketi ya nyuma, meno yanazishikilia, mikono yake inabaki huru. Kisha ananyoosha kiganja katikati ya spoki na kusema, "Samaki."

Kazi yangu ilikuwa hiyo. Nilimlazia kile kibanio kiganjani, kichwa upande wa mkono wangu wa kulia, kama alivyonifundisha. Hakukigeuza hata mara moja. Alikipokea, akakibana kwa koleo, akapima ulegevu wa cheni kwa vidole viwili, akaniambia, "Fundi, nenda kanawe." Mama alikuwa akilalamika kwamba grisi haitoki kwenye gauni la shule.

Saa nane tukafika.

"Mama, ufunguo wa stoo."

"Shikamoo yako iko wapi? Na huyu mtoto kidevu kimefanya nini?"

"Shikamoo mama. Ufunguo."

"Marahaba. Hasira za baba yako umezichukua zote, za kwangu ukaziacha."

Nikasukuma magunia ya mahindi, nikaivuta ile pikipiki mlangoni penye mwanga. Nikachuchumaa upande wa cheni, nikafuta vumbi kwa ncha ya khanga. Samaki alikuwepo, na kichwa chake kilielekea kushoto kwangu. Mbele.

"Hii hakufunga baba," nikasema.

Mama alikuwa ameleta maji. "Alifunga nani mwingine? Nilimshikia taa mimi, wewe umeshaolewa." Akanitazama. "Na wewe leo mbona umekaa kwake? Si ulikuwa unakaa kule?"

Akaonyesha kwa kikombe, upande wa pili wa gurudumu.

Niliinuka nikazunguka. Nikachuchumaa pale pangu pa zamani. Nikamwomba Zuhura kile kiungo, nikachomoa kibanio, nikakishika kichwa kikiwa kulia kwangu, nikapitisha mkono katikati ya spoki. Upande wa pili hapakuwa na mtu wa kupokea. Kichwa kilielekea gurudumu la mbele.

Miaka yote nilikuwa nimekaa ng'ambo yake. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. Nilipokuja kukaa mahali pake, nilichukua mkono wangu wa utotoni nikaja nao.

"Mama," nikasema, "nimempasua mtoto mimi."

Mama akaweka kikombe chini. "Kunywa maji," akasema. Hakuniambia si kosa langu, na namshukuru kwa hilo.

Ijumaa tukarudi. Masuguru niliingia dukani bila kiburi. "Mzee, nilikosea. Samahani kwa maneno yangu."

"Yamekwisha. Kidevu cha bibi mdogo kinaendeleaje?"

"Cheni imeniuma," Zuhura akamwambia.

Jumamosi, nyumbani Mkata, nilimweleza mume wangu yote, hata sehemu ambazo ningependa kuziruka. Alisimama mlangoni akitazama nikisafisha cheni kwa dizeli, nikiizungusha, nikikutanisha ncha mbili juu ya meno. Zuhura alikuwa ameshachuchumaa upande wa pili wa gurudumu, anachungulia kwenye spoki, kile kibanio mkononi. Hakuna aliyemwambia akae pale.

Nilijifunza nini safari hii? Kwamba nilimtazama baba sana, lakini sikuwahi kukaa ubavuni mwake.

"Zuhura, toka huko. Njoo ukae upande wangu."

"Huku naona."

"Unaona kinyume. Njoo."

Akazunguka, akanibana ubavuni. Nikanyoosha kiganja, nikasema, "Samaki." Akakilaza, akakitazama, akakigeuza mwenyewe, kichwa mbele.

Nyuma yetu nikamsikia mume wangu akiongea na simu. "Ndugu yangu, hiyo kesho usije. Haiuzwi."