Maji ya Katikati

Enzi zetu mwaka haukujulikana kwa nambari, ulijulikana kwa sufuria. Mimi kumbukumbu zangu zinaanzia mwaka wa ugali wa njano. Kama uliula, wewe ni rika langu, huna haja ya kuniambia ulizaliwa lini. Mvua ilikataa, mahindi meupe yakaisha madukani, yakaletwa ya njano kutoka ng'ambo, tukaambiwa tule. Ugali wenyewe ulinuka gunia. Watu wazima walisema hicho ni chakula cha ng'ombe wa wazungu, lakini walisema hivyo huku wakimega. Sisi watoto wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, siku ya kwanza tulishangilia, tukidhani mama zetu wametia mayai. Tulipoonja tukanyamaza.

Nilikuwa mdogo, bado sijaanza shule. Hata nilipoanza sikukaa sana, darasa la nne nilitolewa nikalee wadogo zangu. Lakini kuna kitu nilikijua kabla ya a e i o u, nacho ni shisima.

Baba alifanya kazi reli. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa chaki ubavuni mwa mabehewa, hili linaenda wapi, lile limebeba nini. Vipande vya chaki vilivyobaki alikuja navyo mfukoni, na suruali yake haikuwahi kuwa safi upande wa kulia. Jioni, Mama akiwa anapuliza jiko nje, Baba alipiga magoti kwenye sakafu ya simiti na kuchora. Mchoro ulikuwa kama gurudumu: duara lenye pembe nane, na mistari inayokutana katikati. Pale katikati aliweka alama ya mviringo akasema, "Haya ndiyo maji." Kwetu Tiriki, shisima maana yake ni kisima. Vijiwe vya kuchezea vilikuwa vifuniko vya chupa, naye aliviita imbalavali, wale wadudu wanaokimbia juu ya maji mpaka macho yako yanachoka kuwafuata. Mama alikuwa mtu wa kanisa sana. Vifuniko vya soda viliingia nyumbani, vya bia vililala nje.

Mchezo ni mwepesi. Kila mtu ana vifuniko vitatu, anavipanga kwenye pembe za upande wake. Unasogeza kimoja, hatua moja, mpaka nafasi iliyo wazi karibu nacho. Kuruka hakuna, na zamu yako huwezi kuikataa. Anayepanga vitatu vyake kwenye mstari mmoja, cha kati kikiwa majini, ameshinda. Mtoto wa miaka minne anauelewa kabla chai haijapoa. Kigumu ni kimoja tu: ukiwa na kifuniko majini, mwenzako hawezi kukushinda, kwa hivyo usitoke. Njia ya kukutoa ni kuvibana vile vingine viwili, huku na huku, vikose pa kwenda. Hapo utatoka tu, upende usipende, naye aingie apange mstari wake.

Sasa nina mjukuu, Imani, mtoto wa mwanangu. Ana miaka minne na ulimi wa kumi na minne. Wazazi wake wanaishi mtaa wa Fedha, mimi niko mtaa wa Tena, nyumba ya chini, mlango unaotazama kamba za nguo za wapangaji wa ploti nzima. Wazazi huwa kazini mchana, kwa hivyo akitoka shule basi la shule linamshusha kwangu. Mama yake ni mtu wa Murang'a, akamfundisha mtoto kuniita shosho, nyanya kwa Kikikuyu. Mimi Mtiriki mzima naitwa shosho, nami naitika. Eastlands mama mzee yeyote ni shosho, ubishe uchoke.

Vigae vya landilodi havishiki chaki. Nilikata katoni, nikachora gurudumu langu kwa kalamu ya wino, nikaomba vifuniko kwa yule wa kioski. Imani aliushika mchezo siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo nikamshinda, kesho yake nikamshinda, na kila nikimshinda analia. Halii kama sisi, machozi mawili na kuendelea. Huyu analala chini kifudifudi kama shati lililodondoka kwenye kamba.

"Shosho, wewe ni mbaya!"

"Mbaya ni wewe uliyetoka majini. Nani alikubana?"

"Hakuna."

"Basi amka, panga vyako."

Anaamka na kamasi zake, anapanga. Hivyo ndivyo mchana wetu ulivyokwenda, na mimi sikuona ubaya.

Mama Imani aliuona. Siku moja alikuja kumchukua akamkuta chini, uso kwenye kigae. Alimwinua, akampangusa, akasimama pale mlangoni na mkoba wake wa ofisi begani. Huyu mkwe wangu ni mtu mwenye heshima, simsingizii.

"Mama, samahani, sisemi kwa ubaya," akasema. "Lakini kila jioni mtoto anakuja nyumbani amelia. Shuleni mwalimu anasema hataki kucheza na wenzake, anaogopa kushindwa. Si umwache tu ashinde mara moja moja?"

"Nimwache vipi?"

"Usogeze vibaya. Hata hatajua."

"Simwachii. Akitaka kushinda, anishinde."

"Mama, ana miaka minne!"

"Nimesikia."

Akashusha pumzi. "Dunia itamshinda ya kutosha, Mama. Hapa nyumbani apate raha kidogo." Hilo lilinigusa. Ndipo akamalizia, polepole, kama mtu anayeweka sufuria ya moto chini: "Kuna dei kea, ya kulelea watoto mchana, imefunguliwa karibu na geti letu. Kama ni kilio kila siku, labda nimpeleke huko."

Mwanangu nilipompigia simu alisema, "Mama, hayo muongee nyinyi wawili." Wanaume wa siku hizi, wakisikia mama na mke wanabishana, mtandao unawapotea.

Nilijua ninachoweza kupoteza. Bila Imani mchana wangu ni redio na kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Kusogeza kifuniko vibaya ni kitu gani? Ni kidole tu. Lakini kidole chenyewe kilikataa, na sababu yake iko Kaloleni, ule mwaka wa ugali wa njano.

Kwa sababu Baba yangu aliniachia. Jioni baada ya jioni nilimshinda mzee wa reli, mtu mzima mwenye sharubu, naye alijipiga paji la uso akisema, "Aisee, huyu msichana ataniua!" Nilitembea mtaani kama askari aliyelipwa mshahara. Jumamosi moja nikabeba kopo langu la vifuniko mpaka baraza la ukumbi wa Kaloleni, walikokusanyika watoto, nikatangaza kwamba nampiga yeyote.

Alijitokeza Atieno, msichana wa nyumba ya mwisho kwenye safu yetu, mdogo kwangu, meno ya mbele hana. Akachora kwa mkaa. Tukaanza. Akaingia majini, nikangoja atoke. Baba siku zote alitoka. Atieno hakutoka. Nilingoja nikachoka, nikasogeza hovyo, akapanga mstari wake. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu sikuona hata nilichopigwa nacho. Kopo langu lote likaenda, kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana, na baraza zima likacheka.

"Kumbe ndiye huyu bingwa?" Atieno akasema kwa ule ufizi wake. "Bingwa wa jikoni! Rudi ukampige mama yako!"

Jina hilo lilinikaa kama upupu. Bingwa wa jikoni, nikienda bombani. Bingwa wa jikoni, nikitumwa chumvi.

Jioni ile Baba akaleta vifuniko vingine, akachora kama kawaida. Nikatazama mkono wake badala ya kutazama vifuniko vyangu. Akaingia majini. Zamu mbili, akatoka. Nilitazama huku na huku, hakuna nilipombana.

"Baba, mbona umetoka?"

Akakohoa. Mama akasema kutoka mlangoni, mwiko mkononi, "Haya, mwambie sasa."

"Nilitaka ufurahi," Baba akasema.

"Sasa nimefurahi nini?"

Akairudisha chaki mfukoni. Na mimi, niwaambie ukweli, kushindwa na Atieno kuliniuma siku mbili tatu kukaisha. Kilichoniuma zaidi ni zile jioni zote nyuma. Nilikuwa nazo kichwani kama vitu vyangu, moja moja, na sasa zote hazikuwa zangu. Ni kama kupewa nguo nzuri, uivae mpaka uizoee, halafu uambiwe ilikuwa ya kuazima.

"Usiniachie tena," nikamwambia.

Baba alikuwa mtu wa neno. Hakuniachia. Alinipiga miezi yote ile, tukila njano, na nililia, sisemi sikulia. Mama alinipitishia mwiko wa ugali juu ya kichwa akisema, "Lia ukicheza, usilie ukiwa umekaa." Kisha mahindi meupe yakarudi madukani. Jumapili moja jioni, tumetoka kanisani, kuna chai na nduma mezani, nikambana Baba huku na huku. Akatafuta. Akageuza kichwa. Akatafuta upande ule mwingine. Akatoka majini taratibu kama mtu anayetoka kwa daktari, nami nikaingia.

Hakujipiga paji la uso. Aliinuka, akafungua mlango na kuita safu nzima ya nyumba: "Njooni muone! Nimepigwa na mtoto, na leo sikumwachia!" Majirani wakaja na vikombe vyao mkononi. Mmoja akamwambia, "Mzee, leo treni imekuacha stesheni!" Atieno naye alikuja, akakagua mchoro kama fundi, akaenda kwao akarudi na nusu ya vifuniko vyangu. Nusu nyingine alisema ni ya usumbufu.

Hiyo jioni ninayo mpaka leo. Zile nyingine sijui zilikwenda wapi.

Basi Imani akapelekwa dei kea. Sikupiga simu kulalamika. Nilipika chakula cha watu wawili nikala cha mmoja. Katoni niliiegemeza nyuma ya kabati ili nisiione, nikawa nainama kuiangalia.

Nilisikia baadaye mambo ya huko. Mtoto akicheza anabandikwa nyota ya karatasi kwenye paji la uso. Akishinda nyota, akishindwa nyota, akilala usingizi nyota. Kuna simu kubwa ya kuchezea. Ukibonyeza popote maputo yanapanda na muziki unapiga, umefanya nini hakuna ajuaye. Watoto wa siku hizi wanapongezwa mpaka kwa kumaliza uji. Sisi ukimaliza uji ulipewa kikombe ukakioshe.

Halafu mama yake akapigiwa simu aende. Imani alikuwa amechora gurudumu juu ya meza mpya ya watu, kwa kalamu isiyofutika, akawakalisha watoto wenzake na nyota zao usoni na kuwafokea, "Usitoke majini! Nani amekubana?" Mmoja alilia. Imani akamwambia, "Amka, panga vyako."

Jumamosi iliyofuata nikasikia hodi. Ni wao wawili. Mama Imani akavua viatu, akakaa kwenye stuli, hakutaja dei kea wala mimi sikuuliza. "Alisema anakuja kwa shosho, awe amebebwa au anatembea," akasema tu.

Imani alikuwa tayari nyuma ya kabati anavuta katoni.

Tukapanga. Nikaingia majini mimi, kwa kuwa nilianza. Alicheza ametoa ulimi nje kidogo, kidole kikisita juu ya kila kifuniko. Mara ya kwanza nikamshinda. Uso wake ukakunjamana, nikaona mama yake ameshika ukingo wa stuli, lakini mtoto alivuta tu kamasi na kuanza kupanga. Mara ya pili nikamshinda tena. Mara ya tatu, nikiwa na kimoja majini, nilisogeza kifuniko kingine kikae kando ya mwenzake, mahali nilipodhani ni salama, nikangoja. Kumbe chake kimoja kilikuwa tayari upande huu. Kwa zamu yake akaleta kingine upande ule.

Nilitafuta mlango. Nimecheza mchezo huu tangu ugali ukiwa njano, nikatafuta kweli, na miwani nikaivaa. Hakuna. Nikatoka majini.

Imani aliyatazama yale maji matupu. Hakuingia haraka. Alinitazama mimi kwanza, usoni, kwa makini, kama nilivyoutazama mkono wa Baba. Kisha akasogeza kifuniko, akavihesabu vitatu vyake kwa kidole, akapiga ukelele uliofungua madirisha ya ploti.

Sikumpa nyota. Nilifungua mlango nikawaambia majirani waliokuwa wanaanua nguo waje waone. Wawili walikuja. Enzi zetu safu nzima ingekuja na vikombe, na mtu angekuwa na la kunitania, na utani huo ungenifuata mpaka bombani. Sasa watu wana haraka, milango ina vyuma, na mtoto akipiga ukelele wanaongeza sauti ya televisheni. Lakini wawili walikuja, na mmoja aliinama mpaka chini kuangalia katoni.

Mama Imani aliniinamia sikioni, macho yamemlowa. "Asante sana, Mama," akanong'ona. "Asante kwa kumwachia."

Mtoto alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Nikajibu kwa sauti, ili kila mtu asikie.

"Simwachii. Akitaka kushinda, anishinde."