Riwaya Tulizochapa Nyumbani Kisarawe

Siku yangu ya kwanza kazini, Kibaha, niliharibu stensili hata kabla ya chai. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika ofisi iliyotoa vijarida vya elimu ya watu wazima. Stensili ni karatasi laini yenye nta. Uliutoa utepe wa wino kwenye taipureta ili herufi zikate ile nta, kisha ukaifunga kwenye mashine ya kurudufia na wino ukapenya pale palipokatwa. Ukigonga kwa nguvu, tumbo la herufi "o" lilidondoka, na ukurasa ukatoka na madoa meusi.

Bwana Mhariri, mkuu wetu, aliinua kazi yangu dirishani.

"Binti, mkulima wa Mlandizi atasoma nini hapa? Matundu?"

Nilijifunza kugonga taratibu. Kwa miaka kadhaa nilichapa habari za mbolea, choo bora na ufugaji wa kuku. Nikitoka kazini niliandika yangu: wapangaji wa Magomeni, wahudumu wa baa, matapeli wa Kariakoo. Niliwajua, maana nililelewa kwa shangazi yangu Magomeni. Riwaya ilipokamilika nilimpelekea Bwana Mhariri. Aliisoma yote, kisha akanirudishia.

"Umeandika vizuri. Lakini nikiichapa hii sina kazi. Watu wanajenga taifa, wewe unatuletea walevi."

"Walevi nao ni wananchi, Bwana."

Hakucheka.

Niliacha kazi, nikarudi Kisarawe kwa mume wangu, Shomari. Alikuwa mtu wa Masaki ya huko huko Kisarawe, si ile ya Dar es Salaam, fundi viatu. Alinunua mashine ya kurudufia iliyotupwa na shule, akaifungua uani na kuifufua. Picha za majalada alizichonga kwenye mpira wa soli. Gundi aliipika kwa unga wa muhogo. Mimi niliandika na kukata stensili, yeye alizungusha mkono wa mashine, kisha akavipeleka vitabu stendi. Watu waliazimana mpaka kurasa zikalegea kama kitambaa. Tukaajiri kina mama wawili wa kushona vitabu, nami nikaanza kuitwa tajiri, jina ambalo miaka ile halikuwa la kujivunia.

Kisha vitu vikaadimika. Sabuni, sukari, halafu karatasi. Karatasi ilitolewa kwa kibali, na kibali hakikutolewa kwa hadithi za baa. Tulinunua tulikopata, nyingine zilitufikia zimefunikwa magunia ya mkaa. Tuliziweka chumbani, zikajaa mpaka tukalala pembeni mwa ukuta.

Msako wa walanguzi ulipoanza, mgambo walikuja kwetu asubuhi. Kiongozi wao alikuwa kijana wa Mzenga, mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Karatasi zote hizi za nini?"

"Marahaba. Za riwaya."

"Riwaya ndiyo nini?"

"Hadithi za mjini."

Aliwatazama wenzake. "Za nani hizi?"

Nilifungua mdomo. Shomari akaniwahi. "Zangu. Mke wangu anapika tu."

Walimchukua pamoja na karatasi na mashine. Nilikwenda kituoni kila waliponiruhusu, na safari nyingine nilirudi na chakula kama nilivyokibeba. Alipoachiwa hakuwa na kesi, bali kikohozi. Alikaa uani, mikono haina nguvu hata ya kushika kisu. Aliniuliza kama ninaandika. Nikamwambia ndiyo, ingawa sikuwa na karatasi. Hakuumaliza mwezi wa Ramadhani.

Nikiwa edani, wale kina mama waliniletea mifuko ya saruji. Tabaka la ndani lilikuwa safi. Hapo ndipo nilipoandika kisa cha mwanamke wa Magomeni ambaye mumewe amekamatwa na mgambo. Kilichapwa baadaye kwa mashine ya kuazima, na hakuna riwaya yangu iliyosomwa kuliko hiyo.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka. Vijana wanaoandika hunijia kuniuliza kazi ilikuwaje. Nawaeleza stensili, gundi na majalada. Wakitaka kujua kama ilistahili gharama yake, nawaambia sijui, na ni kweli sijui. Huwasimulia jinsi riwaya ile inavyoisha: mume anarudi jioni, mzima, ananawa mikono na kuuliza kumepikwa nini. Wasomaji wengi walinilaumu. Walisema maisha hayako hivyo, na kwamba safari hii nimewadanganya.

Walisema kweli.