Uji wa Ijumaa Usioonjwa

Shule ya kanisa iliyokuwa upande wa Makoko, pale Musoma, ilikuwa na mambo yake ya kila wiki, na sisi wazazi tuliyajua kuliko tulivyojua sala. Jumatatu watoto wanakaguliwa kucha na kola za shati. Jumatano mchungaji anakuja kuwafundisha nyimbo. Ijumaa ilikuwa yetu. Akina baba walibeba mchanga kutoka ziwani kwa ajili ya darasa jipya, akina mama wakapika uji. Kila familia ilikuwa na zamu yake, na sharti tuliambiwa siku ileile ya kuandikisha mtoto: familia isiyofanya zamu haina mtoto pale. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, shule za makanisa zilikuwa bado mikononi mwa makanisa.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikaolewa. Nilikuwaga naandikaandika mambo ya wiki kwenye madaftari ya watoto yaliyobaki na kurasa, lakini mchwa wameyala, kwa hiyo haya natoa kichwani tu. Kama kuna mahali nimekosea, sikukusudia.

Pale kwenye uji tulikuwa na desturi moja. Mwenye zamu akishaipua sufuria, anachota kwa kata, anakunywa mwenyewe mbele ya wenzake, anafuta mdomo, ndipo watoto wanapanga mstari. Hakuna mwalimu aliyetufundisha. Tulitoka nayo nyumbani, kwenye pombe. Mwenye chungu anaanza, wageni waone kwamba hamna kitu kibaya ndani. Pombe tulikuwa tumeiacha, wengine kweli, wengine siku za kanisa tu, lakini kuonja hatukukuacha. Wala sikuwahi kufikiri kwamba huko ndiko kulikotoka, mpaka alipokuja yule mama.

Alitoka upande wa Bunda, kwenye pamba. Mume wake alikuwa dereva wa lori la ushirika, akahamishiwa Musoma, wakapanga Nyasho, nyumba ya pili kutoka kwangu. Alikuwa ameokoka, tena wale wa kuokoka kweli. Ukikutana naye unaenda chooni atakuambia Bwana asifiwe na atasubiri uitikie. Binti yake mkubwa alikuwa darasa la nne, mrefu, mkimya, na mwaka ule ndio alikuwa afanye mtihani wa kuingia la tano. Wakati ule wengi tuliishia pale.

"Mimi jina langu sijui hata kulisoma," aliniambia bombani wiki ya kwanza. "Huyu asiposhinda, dada, baba yake ameshasema. Wapo watu wa Butiama wameleta maneno ya ng'ombe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema asome. Lakini akishatoka shuleni nitakuwa nasema nini tena?"

Zamu yake ya kwanza nilikwenda naye kama jirani. Nilimwashia moto maana mafiga ya pale yalikuwa na moshi wa kutosha kumfukuza mgeni. Uji ulipokaribia kuiva, akatoa kibuyu kidogo kwenye kikapu chake, akageuka kidogo, akamimina ndani. Maji ya rangi ya udongo. Nasema aligeuka, lakini sijui kama alikuwa anaficha au alikuwa anakwepa moshi. Sikuuliza. Akaipua, akaweka kata juu ya mfuniko, akarudi nyuma.

"Watoto waje," akasema.

Hakuna aliyesogea. Kiongozi wetu akina mama alikuwa mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Akamwambia kwa upole, "Mwenzetu, umesahau."

"Nimesahau nini, mama?"

"Kuonja."

"Uji umeiva, mama. Nimeupika mwenyewe."

"Tunajua umeupika mwenyewe. Ndiyo maana."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Hayo ni ya kilabuni. Nyumbani kwetu walipikaga pombe ya mtama, na mimi ndiye nilikuwa nawaonjea wageni tangu ninafika hapa kiunoni. Nilipookoka niliahidi mbele za Bwana sisimami tena mbele ya chungu kuonjea watu."

Ukweli ni kwamba alituambia sote tuko kilabuni. Labda hakukusudia, lakini ndivyo ilivyosikika, na nilimwona mke wa mzee akikunja kanga yake upya kama mtu anayejiandaa kwa kazi. Kengele ikagongwa, mwalimu akapiga kelele watoto wanachelewa, wakaja, wakanywa. Ikaonekana imepita.

Jumamosi asubuhi binti yangu wa darasa la pili akatapika. Mchana nikasikia wengine wawili watatu upande wa sokoni nao matumbo yamewavuruga. Nilipokuwa namsafisha mtoto, mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kibuyu. Nikamwambia mume wangu, aliyekuwa akipakia mizigo gatini.

"Kibuyu gani?" akauliza.

Nikamweleza.

"Usikitoe nje," akasema. "Ukikitoa kitapata miguu."

"Mtoto wako anatapika."

"Namwona. Muulize alikula nini kingine."

Nikamuuliza mtoto. Akasema mapera mabichi, njiani, na wenzake. Halafu jioni ileile nikaona watoto wa nyumba ya nyuma yetu, ambao hawakusoma shule yoyote wala hawakuonja uji wa mtu, nao wamelazwa kwenye mkeka matumbo yanauma. Nikayaweka yote mawili pamoja na kibuyu, nikashindwa kuyapanga. Nilikuwa nikiamini kitu kimoja asubuhi na kingine jioni. Na kila nilipopishana na yule mama niliangalia kikapu chake kabla ya kumwangalia uso.

Jumapili baada ya ibada wanawake walisimama makundi makundi. Alipokaribia kundi, maneno yakahama kwenda kwenye bei ya chumvi. Mmoja aliniambia, "Wewe ulikuwa jikoni naye." Nikasema nilikuwa nawasha moto. "Ndiyo," akasema, "ulikuwa jikoni naye." Nikaona kwamba hata mimi nimeanza kupimwa.

Jumatano, nyimbo zilipoisha, tukaitwa darasani. Mwalimu mkuu alikuwa kijana, si mtu wa Mara, na sisi akina mama tulimheshimu kwa midomo. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga ubao. Mke wa mzee akasimama.

"Bwana mwalimu, sisi hatumshtaki mtu. Tunaomba tu huyu mwenzetu apumzike zamu."

"Akipumzika zamu mtoto wake anabaki vipi?" mwalimu akauliza. "Sharti mnalijua."

"Sharti hatukuliweka sisi."

"Mtihani uko karibu, mama."

"Na matumbo ya watoto yako karibu zaidi."

Binti mwenyewe alikuwa nje anafagia, na ufagio ulikuwa umenyamaza muda mrefu chini ya dirisha. Mwalimu akasema aliyekuwa jikoni aseme alichokiona. Wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimejiandaa kusema sijui. Lakini nilikuwa nimeona, na nilikuwa nimeona vyote. Kwa hiyo nikasema vyote. Nikasema juu ya kibuyu na maji ya rangi ya udongo. Hapo darasa likaguna lote. Nikasema pia juu ya mapera, na juu ya watoto wa nyumba ya nyuma waliougua bila uji. Hayo ya pili sidhani kama yalisikika hata na nusu ya watu. Kibuyu kilikuwa kimeshatembea.

"Kilikuwa na nini?" mke wa mzee akauliza.

"Ukwaju," yule mama akasema. "Kwetu uji bila ukwaju ni maji ya moto."

"Si ungesema?"

"Si mngeuliza?"

"Basi Ijumaa unywe mbele yetu, yaishe."

Akainuka kwenye dawati. Kisha akasema, "Njooni nyumbani kwangu hata leo, tutakula sahani moja, nitaanza mimi. Lakini kusimamishwa mbele ya chungu, hapana. Hilo niliahidi."

"Kunywa funda moja la uji ni dhambi?" mwingine akauliza nyuma, na mwenzake akamjibu, "Kwa mwenye sababu, ni dhambi."

Mwalimu akaamua hivi: Ijumaa mama huyu arudie zamu. Watoto wakinywa, maneno yamekwisha. Wazazi wakiwazuia watoto wao, basi anatoka kwenye zamu, na linalofuata tunalijua wote. Nilimwona mke wa mzee anatikisa kichwa kukubali, na sikusema kitu, kwa sababu lilikuwa jambo la haki kwa masikio yangu pia. Baadaye tu, njiani, ndipo nilipofikiri kwamba kuzuia mtoto ni rahisi. Hakuna haja ya mtu kunyanyua hata mkono.

Alhamisi nilipita mbele ya nyumba yao nikitoka sokoni na furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Wanaume wawili wamekaa kwenye benchi, wamevaa makoti, fimbo zimeegemezwa ukutani, na baba wa binti anawamiminia chai. Binti alitoka na sahani ya viazi, akapiga goti, akaiweka, akarudi ndani bila kuinua macho. Mgeni mmoja alimtazama mpaka mlango ulipofungwa. Sikuambiwa ni watu wa wapi. Nilijua.

Ijumaa nikaenda tena kuwasha moto. Hakuniita wala hakunikataza. Safari hii kibuyu alikiweka wazi juu ya jiwe, akamimina huku ananiangalia, kama anasema haya, ona vizuri. Nikaona. Niliona maji ya rangi ya udongo tu. Ukwaju unanukia, lakini vitu vingine pia vinanukia, na pua yangu haikusoma.

Uji ukaipuliwa. Akina mama walikuwa wengi kuliko Ijumaa yoyote, hata wale wanaotumaga dada zao. Mstari ukapangwa na mwalimu, lakini kila mama alikuwa amesimama mkono begani kwa mtoto wake. Wa mbele alikuwa yule binti na kikombe chake cha bati. Akachotewa, akanywa wote, akakigeuza kikombe chini kuonyesha.

"Huyo ni wake," mke wa mzee akasema, si kwa ubaya sana. "Mbwa wa nyumbani hamng'ati mwenye nyumba."

Mstari haukusogea. Binti akabaki pale mbele na kikombe kitupu. Hakuwaangalia watu, wala mama yake hakumwangalia yeye.

Ningependa kuandika kwamba nilimwamini yule mama. Sikumwamini. Nilichofikiri ni kwamba kibuyu kilitoka mdomoni mwangu, na kama nitasimama pale kama wengine, neno langu litakuwa limemwozesha mtoto wa watu kwa jambo nisilolijua. Nikaenda nikachukua kata.

"Wewe tena?" mke wa mzee akasema. "Si chungu chako."

"Moto niliuwasha mimi," nikasema.

Nikachota, nikanywa. Ulikuwa mchachu, na kusema haki ulikuwa mtamu kuliko uji wetu. Nikafuta mdomo. Nikamwita binti yangu kwenye mstari, akaja shingo upande, akanywa. Nyuma yake akaja mtoto mmoja, kisha mikono mabegani ikaanza kulegea. Si wote. Wengine walirudi na watoto wao na njaa. Lakini mwalimu aliona sufuria inaisha, na hilo lilimtosha.

Tulipokuwa tunasugua sufuria kwa mchanga, yule mama akaniuliza, "Dada, nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Umeonja chungu changu."

"Nimekunywa uji."

"Umeonja. Na mimi nimeonjewa, mbele ya watu, kama kilabuni kwa baba yangu."

"Watoto wasingekuja."

Akasugua muda. "Huenda," akasema. Kisha, "Ulipokunywa, ulikuwa unaniamini?"

Nikafikiri nimdanganye. "Sijui," nikasema. "Sikuwa nakuamini sana."

Hapo ndipo nilipomsikia anacheka mara ya kwanza, akicheka kwa pua kama mtu aliyechoka. "Afadhali wewe unasema."

Kesho yake mume wangu alinizungukazunguka asubuhi nzima. "Tumbo?"

"Limetulia."

"Bado mapema," akasema, akaenda gatini.

Binti alikaa shuleni mpaka mtihani, akaufanya. Alishinda, akaenda bweni, na wale wenye makoti sikuwaona tena kwenye benchi lile. Hiyo ndiyo habari nzuri na naiandika kama ilivyokuwa. Uhusiano wangu na mama yake haukuwa mzuri wala mbaya. Wengine wakaanza kusema sisi wawili tunajuana, na kwamba aliyekuwa jikoni naye alikuwa na sababu ya kutoogopa.

Kabla ya mtihani zamu yake ilirudi tena. Nilifika nimechelewa, nikakuta moto umeshawashwa na sufuria imeshaipuliwa. Watoto wako kwenye mstari, akina mama kimya, hakuna anayezuia na hakuna anayeruhusu. Yule mama alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Kata ilikuwa juu ya mfuniko, na mpini wake ulikuwa umegeuzwa upande ninaoingilia mimi. Sikumuuliza ni yeye aliyeugeuza, au ni mke wa mzee. Niliuangalia uji, nikaunusa, nikanywa.