Maji ya Moto ya Katana na Sufuria za Kadutu

"Nani atatoa feza juu ya kwenda kuona maji ya moto kule Katana?" aliuliza tonton, mdogo wake baba, mbele ya familia nzima. "Mu nyumba yangu maji ya moto iko. Unaweka tu sufuria ku makala."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na diploma ya hoteli na utalii, niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo vya watu, na nilikuwa nimeona kitu ambacho wao, wasiowahi kuondoka, hawakukiona: upande wa kaskazini, baada ya Kavumu, kuna Jumapili nzima ya kumtosha mtu wa Bukavu. Mahindi ya kuchoma na parachichi kando ya barabara. Chemchemi zinazofuka mvuke. Halafu ziwa, na sambaza, samaki wadogo wanaokaangwa pale pale wanapovuliwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuvipanga.

Sikuwa na vyombo. Mama mdogo wa Kadutu, mtaa wetu wa mlimani, aliniazima sufuria yake kubwa ya karamu, majirani wawili wakaongeza zao, na kwaya ya parokia ikanipa viti vya plastiki. Walinikabidhi kwa nyuso za watu wanaotoa mchango wa msiba.

"Sufuria yangu isirudi tupu, ee," mama mdogo alisema.

Kwetu chombo cha kuazima hurudi na sehemu ya kilichopikwa. Kikirudi kitupu, mtaa unaelewa kwamba kwako chakula hakikutosha, na kesho hakuna atakayekuazima hata kijiko. Bila vyombo vyao nisingekuwa na Jumapili ya pili.

Wageni wa kwanza walikuwa walimu, basi dogo zima. Tonton alijipakia mbele, bila kulipa, ili ashuhudie nikishindwa. Tulipofika Katana alikunja suruali, akaliingiza goti lake bovu kwenye kijito, pale maji yanapopoa kidogo. Hakutoka. Walimu wakamfuata mmoja mmoja. Nilipowaambia kwamba chakula kinangoja ziwani, mwalimu mmoja alijibu bila kugeuka, "Kije huku, patron."

Mtu asiyesomea kazi hii angebishana. Mimi nilituma pikipiki.

Walikula bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza mpaka mwiko ukakwaruza chini. Hakikubaki kitu. Sasa sufuria zingerudi tupu kwa sababu nimefaulu, na Kadutu ingesema nimeshindwa.

Basi liliwarudisha wageni mjini, mimi nikalala ziwani na sufuria. Asubuhi wavuvi walipofika, mapato yote ya Jumapili yaliishia kwenye sambaza wao, nikapika upya.

Nilipanda vijia vya Kadutu mbele ya vijana walionibebea sufuria na viti. Kila sufuria ilirudi imejaa. Viti havijazwi, basi juu ya kila kiti cha kwaya niliweka parachichi. Mama mdogo alifunua, akanusa, akamwita jirani aje aone.

Tonton alikuwa amesimama mlangoni na bakuli.

"Lakini wewe hukuniazima kitu, tonton."

"Na goti?" alisema. "Bila hii goti, nani angeingia mu maji?"

Nilimjazia. Alikuwa wa mwisho kunidai.